WALIOTUTANGULIA: Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyeuliza sababu ya kila kitu

Huu ni ukurasa wetu ule ule wa habari za watu waliotutangulia. Mara nyingi tumewaletea wahubiri na wamisionari. Safari hii tunawaletea fundi. Jina lake ni Michael Faraday. Vijana wetu wa sekondari wamekwisha kukutana naye katika kitabu cha fizikia, ila kitabu kile kinataja kanuni zake tu, hakisemi alikuwa mtoto wa nani wala alikula nini.

Tumemchagua kwa sababu ya maswali. Watoto wa makazi yetu wanauliza sana. Kwa nini taa ya dinamo inazimika baiskeli ikisimama? Kwa nini ulimi wa moto unaelekea juu hata ukiulaza mshumaa? Radi inajuaje mti wa kupiga? Sisi wakubwa tuna tabia ya kuyajibu maswali kama hayo upesi upesi, na mara nyingine jibu letu la upesi linamwangukia jirani, hasa bibi kizee asiye na mtu wa kumtetea. Faraday alikuwa mtu wa jibu la polepole, na ndiyo maana tunaona inafaa kumsimulia.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington, upande wa kusini wa mto Thames, mahali ambapo leo pamemezwa na jiji la London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi aliyehama na mkewe Margaret kutoka kaskazini mwa Uingereza kuja kutafuta kazi. Baba huyo alikuwa mtu wa kuugua mara kwa mara, na mhunzi asiyeweza kuinua nyundo hana mshahara. Mwaka 1801 bei ya nafaka ilipanda sana Uingereza. Michael, akiwa na miaka 9, alipewa mkate mmoja ambao ulipaswa kumtosha juma zima. Wale wanaojua siku mgawo unapopunguzwa hawahitaji tuwaeleze zaidi.

Shule aliipata kidogo tu: kusoma, kuandika na hesabu za mwanzo. Mwaka 1804 akawa mtoto wa kutumwa katika duka la vitabu la George Riebau, Mfaransa aliyeikimbia nchi yake. Kazi ya Michael ilikuwa kupeleka magazeti nyumba kwa nyumba. Siku zile gazeti lilikuwa ghali, hata watu walilikodi kwa zamu, kwa hiyo mtoto alilipeleka kwa mmoja, kisha akarudi kulichukua ampelekee mwingine. Baada ya mwaka mmoja Riebau alimchukua awe mwanagenzi wa kutia vitabu majalada, kwa miaka saba. Wanagenzi wengine walilipa ada. Huyu hakulipishwa kitu kwa sababu alikuwa ametumika kwa uaminifu. Tunapenda kulikumbuka jambo hili: mlango wa kwanza wa elimu ya Faraday ulifunguliwa na mtu aliyekimbia kwao.

Basi kijana akawa anashona vitabu mchana na kuvisoma jioni. Kilichomshika kwanza kilikuwa makala juu ya umeme katika ensaiklopidia iliyoletwa kutiwa jalada, na kitabu cha mama mmoja, Jane Marcet, kilichofundisha kemia kwa njia ya mazungumzo. Pia alisoma kitabu cha Isaac Watts juu ya kuikuza akili. Ndiyo, ni yule yule Watts aliyetunga nyimbo tunazoziimba Ijumaa Kuu. Watts alishauri msomaji awe na daftari, aandike anayoyaona, ahudhurie mafundisho, na asiamini neno kwa sababu limesemwa na mkubwa. Faraday aliyashika hayo kama amri. Kwa vijisenti vyake alinunua vitu vidogo vidogo na kuyafanya majaribio aliyoyasoma, aone kama mwandishi anasema kweli. Mafundisho ya jioni yalikuwa ya kulipia shilingi moja kila mara, na ndugu yake mkubwa Robert, mhunzi kama baba yao, ndiye aliyemlipia.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kwenda kumsikiliza Humphry Davy, mwanakemia aliyesifika kuliko wote London, katika taasisi iitwayo Royal Institution. Faraday alisikiliza, akaandika, akachora vyombo vyote, kisha akakitia kitabu hicho jalada kwa mikono yake mwenyewe. Aliwahi kumwandikia mkuu wa chama cha wanasayansi kuomba kazi yoyote ile, akaenda tena kuulizia, akaambiwa hakuna jibu. Wasomaji wetu wanajua kukaa na barua isiyojibiwa. Mwezi wa Desemba alimpelekea Davy kile kitabu. Davy alijibu, akamwona, akamwambia nafasi hakuna. Baada ya wiki chache msaidizi wa maabara alipigana, akafukuzwa, na Davy akamkumbuka fundi wa majalada. Tarehe 1 Machi 1813 Faraday aliajiriwa kwa shilingi 25 kwa juma, vyumba viwili vya juu, makaa ya kuota moto, na mishumaa. Mishumaa hiyo tutakutana nayo tena mbele.

Mwaka huo huo Davy alisafiri Ulaya na mkewe, akamchukua Faraday. Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani, lakini Napoleon alimpa Davy kibali cha kupita. Safari ilichukua mwaka mmoja na nusu. Kijana huyu ambaye hakuwa amewahi kwenda mbali na London aliwaona wakubwa wa sayansi, Ampère huko Paris na mzee Volta huko Milan. Huko Florence aliona almasi ikichomwa kwa jua lililokusanywa na lenzi kubwa mpaka ikatoweka, ikijulikana kwamba almasi ni kaboni, ndugu wa makaa. Lakini mtumishi wa Davy wa chumbani alikataa kusafiri, na kazi zake zikamwangukia Faraday. Mke wa Davy akamfanya kama boi wa nyumba. Aliumia sana, hata akafikiri kurudi nyumbani na kuacha sayansi. Alibaki.

Mwaka 1821 alimwoa Sarah Barnard, binti wa mzee wa kanisa lao, na mwezi uliofuata akakiri imani yake mbele ya ushirika. Hawakujaliwa watoto. Kanisa lao lilikuwa dogo, la Wasandemania, lenye asili ya Scotland. Hawakuwa na wachungaji wa kulipwa. Wazee waliochaguliwa ndio waliohubiri. Siku ya Bwana, kati ya ibada ya asubuhi na ya mchana, walikula chakula pamoja, tajiri na maskini. Waliona kujiwekea akiba ya mali ni dhambi, na hilo Faraday alilishika maisha yake yote. Angeweza kutajirika kwa kuvishauri viwanda, akaiacha kazi hiyo.

Sasa tufike kwenye umeme. Mwaka 1820 mwalimu mmoja wa Denmark, Oersted, aliona kwamba waya unaopitisha umeme unaigeuza sindano ya dira. Mwaka uliofuata Faraday aliufanya waya uizunguke sumaku bila kukoma, na hiyo ndiyo mota ya kwanza ya umeme, ingawa ilikuwa waya tu ndani ya kikombe cha zebaki. Watu wengine walisema ameiba wazo la mkubwa mmoja, na maneno hayo yalimsumbua kwa miaka. Mwaka 1824 alipopigiwa kura aingie katika chama cha wanasayansi, bwana wake Davy ndiye aliyempinga. Akaingia hata hivyo. Faraday hakumsema Davy vibaya.

Swali lililobaki kichwani mwake lilikuwa hili: kama umeme unazaa sumaku, je, sumaku haiwezi kuzaa umeme? Alijaribu mara kadhaa katika miaka ya 1820 akashindwa. Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete nene ya chuma, upana wake kama kiganja na vidole, akauzungushia waya upande mmoja, na waya mwingine upande wa pili, akizitenga nyaya kwa vipande vya nguo na uzi. Waya wa kwanza aliuunganisha na betri. Wa pili aliupeleka karibu na sindano ya sumaku, imwonyeshe kama umeme unapita.

Alipounganisha betri, sindano ilicheza kidogo, kisha ikarudi na kutulia. Betri ilikuwa bado imeunganishwa, umeme ulikuwa unapita upande wa kwanza kwa nguvu, lakini upande wa pili kimya. Alipoiondoa betri, sindano ikacheza tena, safari hii upande mwingine. Mtu mwenye haraka angesema ni mtikisiko wa meza. Yeye aliishikilia ile dakika ndogo. Aliona kwamba kinachozaa umeme ni kubadilika kwa sumaku. Sumaku iliyotulia haizai kitu. Mwezi wa Oktoba alisukuma kipande cha sumaku ndani ya waya uliozungushwa, sindano ikacheza. Akakiacha ndani, ikatulia. Akakivuta, ikacheza tena. Siku chache baadaye akazungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa na kupata umeme usiokatika.

Mtoto aliyeuliza juu ya baiskeli amejibiwa. Ndani ya dinamo kuna sumaku na waya uliozungushwa. Gurudumu likizunguka, sumaku inazunguka, na hali ya sumaku ndani ya waya inabadilika kila wakati. Ukisimama, hakuna kinachobadilika, basi taa inazimika, hata kama sumaku bado ni nzima. Jenereta ya hospitali na mitambo mikubwa ya Jinja kwenye Nile inafuata kanuni hiyo hiyo. Tofauti ni nani anayekanyaga.

Faraday hakujua hesabu za juu, na hakuficha. Badala ya hesabu alimwaga chenga za chuma juu ya karatasi iliyolazwa juu ya sumaku, akaona zinajipanga kwa mistari iliyopinda, akasema nguvu ya sumaku inakaa katika nafasi yenyewe iliyoizunguka. Wasomi wengi hawakulipokea neno hilo. Baadaye James Clerk Maxwell, mjuzi wa hesabu, ndiye aliyeligeuza kuwa milinganyo, na mawasiliano ya redio na simu zetu yametoka humo.

Mwaka 1836 alijenga chumba cha miti chenye urefu wa futi 12 kila upande, akakizungushia waya na karatasi, akaingia ndani na vyombo vyake. Nje wasaidizi wakakitia umeme mpaka cheche zikawa zinaruka kutoka kuta zake. Ndani vyombo havikuonyesha hata alama. Umeme ulikaa juu ya ngozi ya nje tu. Ndiyo sababu mtu aliye ndani ya gari la bati lililofungwa huwa salama radi ikilipiga, na aliye chini ya mti mrefu hayuko salama. (Tuseme wazi: nyumba yenye bati juu tu na udongo pande zote si chumba cha Faraday. Msije mkasema mchungaji aliandika.) Radi hufuata njia iliyo rahisi kwake kwenda ardhini, kwenye kitu kirefu na kilicho peke yake uwandani. Haina anwani ya mtu. Tumekaa katika vikao ambapo radi ilisemwa kuwa imetumwa, na mtu akatafutwa wa kuibeba lawama. Katika vikao hivyo hakuna aliyeuliza mti ulikuwa na urefu gani.

Mwaka 1844 ulikuwa mgumu kwake. Mwezi Machi alitengwa na ushirika wa kanisa, yeye aliyekuwa mzee tangu 1840. Husimuliwa kwamba ni kwa sababu alikosa ibada Jumapili moja akiwa amealikwa na malkia Victoria. Hadithi hiyo inapendeza kuisimulia, lakini waliochunguza kumbukumbu wamekuta kwamba watu wengi walitengwa kipindi kile, wakiwamo ndugu zake, katika mgogoro juu ya nidhamu ya kanisa. Alirudishwa baada ya wiki chache, ila uzee wa kanisa hakuupata tena mpaka 1860. Hakuhama kanisa. Sisi ambao tumeona makanisa yakigawanyika kwa ugomvi wa kiti tunaliacha jambo hilo kama lilivyo.

Mwezi wa Septemba mwaka huo mgodi wa makaa ya mawe wa Haswell, kaskazini mwa Uingereza, ulilipuka na kuua wanaume na wavulana 95. Serikali ilimtuma Faraday pamoja na mwanajiolojia Charles Lyell kwenye uchunguzi wa vifo. Kila mtu alijua kuna gesi inayowaka migodini. Faraday alishuka chini, akapapasa nguzo na kuta, akaona vumbi la makaa limeungua na kugandamana juu yake. Akasema gesi ilianza tu. Vumbi lenyewe, likitimuliwa hewani, ndilo lililowaka na kuubeba moto mbali. Kwa watu wa migodi lilikuwa neno geni, na miaka mingi ilipita bila kufuatwa. Mwaka 1906 huko Courrières, Ufaransa, mlipuko wa vumbi la makaa uliua watu 1,099. Wanaofanya kazi kwenye mashine za kusaga wajue kwamba hata vumbi la unga lililojaa hewani katika chumba kilichofungwa linaweza kulipuka likikutana na moto.

Kisha ikaja habari ya meza. Mwaka 1853 Uingereza nzima ilishikwa na mchezo wa kukaa kuizunguka meza, watu wakiweka mikono juu yake gizani au mchana, mpaka meza ikaanza kugeuka na kutembea. Wengine walisema ni umeme, wengine sumaku, wengine roho za wafu. Na kwa sababu walisema umeme, wakamwandikia Faraday. Hakuwacheka wala hakuwaita waongo. Alichagua watu waaminifu ambao meza iliwatii, akakaa nao.

Kwanza aliweka juu ya meza karatasi ngumu kadhaa zilizopangwa moja juu ya nyingine, zikiwa zimeshikanishwa kwa gundi laini isiyokauka, akapiga mstari kuzionyesha zilipoanzia. Fikirini: kama meza ndiyo inayotembea na kuivuta mikono, karatasi ya chini itatangulia. Kama mikono ndiyo inayosukuma, ya juu itatangulia. Meza ilipotembea alizifungua na kuangalia. Ya juu ilikuwa imetangulia. Halafu akatengeneza vibao viwili vyenye vijiti vya mviringo vya kioo katikati, na unyasi mrefu wa kuonyesha mikono inapoegemea. Unyasi ulipofichwa, meza ilitembea. Watu walipouona unyasi kwa macho yao, wakawa wanaona kila wanapoanza kusukuma bila kujua, na meza ikakoma. Hakuna aliyedanganya. Mikono yao ilifanya ambacho mioyo yao ilikingoja.

Aliandika katika gazeti kueleza, na wengi wakamkasirikia, wakiwamo watu wa dini. Tunadhani hapa ndipo alipotufaa kuliko hata kwenye umeme. Alikuwa mtu aliyeamini Mungu na ulimwengu usioonekana, tena kwa uzito. Lakini kwake kumwamini Mungu hakukumruhusu kumsingizia roho kazi iliyofanywa na kidole. Mwaka uliofuata alitoa hotuba nzima juu ya jinsi akili inavyopenda kukubali linaloipendeza, na jinsi inavyobidi kuikatalia, ya kwako mwenyewe kwanza.

Uzeeni kumbukumbu ilimponyoka. Alikuwa anasahau alichokifanya wiki iliyopita. Lakini Krismasi ya 1860, akiwa na miaka 69, alisimama tena mbele ya watoto kuwafundisha habari ya mshumaa mmoja kwa mihadhara sita. Nta inayeyuka na kufanya kikombe, na inapanda utambini kama maji yanavyopanda kwenye ncha ya taulo iliyotumbukizwa beseni. Kinachowaka ni mvuke wake: zima mshumaa, kisha peleka kiberiti kwenye ule moshi mweupe, moto utaruka kurudi utambini. Mnaweza kulijaribu nyumbani, penye utulivu wa upepo. Ulimi unaelekea juu kwa sababu hewa iliyopata moto ni nyepesi na inapanda, ikiuvuta. Shika kijiko cha baridi juu ya moto, kitapata jasho, maana moto unazaa maji. Na pumzi ya mtoto anayeusikiliza mhadhara inafanana na moshi ule, kwa sababu chakula ndani yake kinaungua taratibu kama nta.

Malkia alikuwa amempa nyumba ya kukaa huko Hampton Court tangu 1858. Uongozi wa chama cha wanasayansi alipewa akaukataa. Alifia kwenye kiti chake tarehe 25 Agosti 1867, akazikwa katika makaburi ya Highgate, na jiwe lake lina jina na tarehe zake mbili. Sarah alimfuata mwaka 1879, akalazwa hapo hapo.

Daftari zake za maabara zilikuwa na aya zenye namba zaidi ya 16,000, zikiwamo za majaribio yaliyoshindikana. La mwisho ni la Machi 1862. Aliweka moto kati ya ncha za sumaku kubwa kuona kama sumaku inabadilisha rangi za mwanga wake. Hakuona badiliko, akaandika hivyo. Mwaka 1896 Mholanzi Pieter Zeeman, aliyekuwa amesoma habari ya jaribio hilo, alilirudia kwa vyombo vilivyo bora zaidi, na badiliko likaonekana.